Nyumba Njema si Mlango: Kava za Injini na Skrubu Zake

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni juma lililopita. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuyasikia, na kwa wale waliosikia lakini hawakuwahi kushika kalamu.)

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Walisema kweli. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya mlango wenyewe. Ziko nyumba ambazo ndani zilikuwa njema kabisa, zikaharibiwa na mtu aliyevunja mlango akitaka kuingia.

Nyumba ninayoisema ni injini ya pikipiki ya zamani. Mlango wake ni vile vifuniko viwili vya alumini vilivyo ubavuni, kushoto na kulia, ambavyo mafundi wetu huviita kava. Makomeo ya mlango huo ni skrubu ndogo zinazozunguka ukingo wa kava. Nyuma ya kava moja kuna klachi inayoogelea katika oili. Nyuma ya jingine kuna sumaku inayofua umeme. Kava likipasuka au skrubu ikipoteza hesi, oili hutoka kidogo kidogo, dereva asijue, mpaka siku injini itakapokwama njiani.

Nitatoa mfano wa pikipiki moja ili tusizungumze hewani. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki iliyoitwa CG125. Wahandisi wake waliitengeneza kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako pikipiki hubeba mizigo mizito, barabara zina vumbi, na oili haibadilishwi kwa wakati. Badala ya cheni ya kuendesha vali kutoka juu, waliweka fito za kusukumia vali, kwa kuwa fito hazihitaji kukazwa mara kwa mara kama cheni. Injini hiyo ilipata sifa ya uvumilivu hata viwanda vingi vya China vikaufuata mpango wake. Kwa hiyo, ndugu yangu mwendesha bodaboda, inawezekana kabisa kwamba injini iliyo chini ya goti lako ni mjukuu wa CG. Ninayoyasema leo kuhusu pikipiki ya mzee wako yanakuhusu wewe pia.

Tuanze na adui wa kwanza, naye ni bisibisi isiyo yake.

Skrubu za kava katika pikipiki nyingi za Kijapani za miaka ile zina kichwa chenye alama ya msalaba, na bisibisi yake sisi tunaiita bisibisi ya nyota. Wengi wetu tunadhani nyota ni nyota tu. La hasha! Nyota iliyoenea duniani ni ile iliyopewa jina la Mmarekani Henry F. Phillips wa Portland, Oregon, aliyepata hataza zake mwaka 1936. Wajapani walikuwa na kipimo chao cha taifa, kinachojulikana kwa herufi JIS. Kwa macho nyota hizo mbili ni mapacha, lakini sivyo. Ncha ya bisibisi ya Phillips ni ndefu kidogo. Ukiitia katika skrubu ya Kijapani, ncha hugota chini kabla mabawa yake hayajakaa sawasawa kwenye kuta za tundu. Ukizungusha kwa nguvu, bisibisi hupanda juu na kukwangua kichwa. Mara nyingi skrubu ya Kijapani hutambulikana kwa kitone kidogo kilichopigwa kichwani karibu na msalaba. Ukikiona kitone hicho, simama kwanza.

Jambo la pili ni ukubwa. Skrubu nyingi za kava zina unene wa milimita 6, na bisibisi inayostahili ni namba 3. Lakini katika masanduku yetu ya vifaa bisibisi inayopatikana ni namba 2, ambayo ni ya skrubu ndogo zaidi. Fundi huichukua kwa sababu inaingia. Lakini kuingia siyo kukaa. Kama huna bisibisi ya Kijapani, chukua ya kawaida ya namba 3, uisage ncha yake kidogo sana kwenye jiwe la kunolea, huku ukiijaribu kila mara katika skrubu, mpaka mabawa yashike vizuri. Huo ni ufundi wa dakika tano unaookoa kava la maelfu ya shilingi.

Adui wa pili ni haraka, na hapa sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Mzee wangu aliniachia pikipiki ya namna hii. Siku nilipoamua kuifufua nilikuta skrubu moja ya kava la kulia imegoma. Nilikuwa na bisibisi mbaya na moyo wa haraka. Nikachukua tindo na nyundo nikagonga kutoka pembeni, kwa hasira zaidi kuliko akili. Skrubu haikusogea. Kilichosogea ni sikio la kava, ile sehemu ndogo inayoshika skrubu, ambayo ilipasuka na kuanguka chini. Mzee aliitumia pikipiki ile miaka mingi bila kuvunja kitu. Mimi niliivunja kabla ya saa nne asubuhi.

Basi, msikilizaji, sikiliza utaratibu ambao ningepaswa kuufuata siku ile.

Kwanza, osha. Ondoa tope na oili iliyoganda kwa mafuta ya taa na brashi, kisha chokoa uchafu ulio ndani ya kila kichwa cha skrubu kwa msumari mwembamba. Uchafu ukibaki ndani, bisibisi haiwezi kukaa chini.

Pili, tia mafuta ya kupenya kuzunguka kila skrubu na uondoke. Nimesema uondoke. Yaache mpaka kesho.

Tatu, weka bisibisi sahihi wima kabisa na uigonge kichwani kwa nyundo mara moja au mbili. Pigo hilo hukalisha ncha na kuitikisa ile kutu nyeupe iliyozishika hesi. Ziko pia bisibisi za kugonga, ambazo ukizipiga kwa nyundo hujizungusha zenyewe kidogo huku zikisukuma chini. Kwa kazi hii hakuna kifaa bora kuliko hicho. Lakini hakikisha umeiweka upande wa kufungua! Wako waliokaza skrubu kwa nyundo wakidhani wanafungua.

Nne, ikiwa bado imegoma, tumia joto. Hapa kuna sayansi ndogo nzuri. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kava na mwili wa injini ni alumini, skrubu ni chuma. Ukimwaga maji yanayochemka mahali hapo, tundu hulegea kuliko skrubu inavyonenepa. Usitumie moto wa gesi. Chuma hukuonya kwa kuwa chekundu, lakini alumini huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 660, na zile za kusubu huanza mapema zaidi, bila kuwa nyekundu kwanza. Utaiona imeanguka tu. Tena ondoa tangi na petroli yote kabla ya kuleta joto la aina yoyote.

Tano, kama kichwa kimekwisha kukwanguka, usipigane nacho. Chukua keekee, tia ncha iliyozidi kidogo unene wa skrubu, na utoboe kichwa mpaka kiachane na shina. Ukitoa skrubu nyingine zote, kava litatoka, na shina litabaki limesimama. Sasa lishike kwa koleo na ulizungushe. Utashangaa kuona linatoka kwa urahisi, mara nyingi kwa vidole, kwa kuwa kilicholibana zaidi kilikuwa ule mvuto wa kichwa juu ya kava.

Kabla ya kutoa skrubu ya kwanza, chukua kipande cha boksi, uchore umbo la kava, utoboe matundu mahali pa kila skrubu. Kila unayoitoa ichomeke mahali pake. Skrubu hizi zinafanana vichwa lakini urefu wake hutofautiana. Ndefu ikiwekwa kwenye tundu fupi itagota chini na kupasua alumini. Fupi ikiwekwa kwenye tundu refu itashika hesi mbili tatu tu, nazo zitang'oka zikikazwa. Katika alumini, skrubu ya milimita 6 inafaa iingie ndani ya hesi kati ya milimita 9 na 12.

Sasa kava liko mezani. Tulifanyeje?

Mengi ya kava hizi yalipotoka kiwandani yaling'arishwa kisha yakapakwa vanishi isiyo na rangi. Baada ya miaka vanishi hupasuka kwa mawe na jua. Maji huingia chini yake na kuchora mistari myeupe iliyopindapinda kama njia za mchwa. Ukiona mistari hiyo usianze kusugua kwa juu. Vanishi yote itoke kwanza, kwa dawa ya kubandulia rangi, nje kwenye upepo, ukiwa umevaa glavu.

Hapa nitoe onyo. Usitumie soda ya kostiki, wala dawa za kusafishia majiko zenye soda hiyo ndani. Soda hiyo hula alumini. Utaona inatoa mapovu mengi na utafikiri inafanya kazi nzuri. Mapovu hayo ni haidrojeni, gesi inayoshika moto, na kinachofanyiwa kazi ni kava lako linaloliwa. Litatoka jeusi na lenye vishimo.

Baada ya hapo huja msasa. Kanuni ni kuanza na msasa laini kuliko yote unaoweza kuondoa dosari, siyo mkali kuliko yote ulionao. Kama kuna mikwaruzo mirefu anza na namba 240, kisha 400, 600, 800 na 1200, daima kwa maji yenye sabuni kidogo. Kila namba isugue kwa kukatisha mwelekeo wa ile iliyotangulia, na usihame mpaka mikwaruzo ya namba ya nyuma imetoweka yote. Mtu anayeruka namba huja kugundua mwishoni, kava linapong'aa, kwamba ile mikwaruzo ya mwanzo bado ipo inamcheka. Mwisho ng'arisha kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia metali, hata Brasso ya nyumbani inafaa.

Usiingize msasa kwenye uso wa ndani unaokutana na gasketi. Mabaki ya gasketi yaondoe kwa ubao ulionolewa, kamwe si kwa bisibisi, kwa sababu mkwaruzo mmoja unaovuka uso huo ni njia ya oili. Wala usisugue mpaka ukafuta maandishi na alama zilizosubiwa kwenye kava. Hizo ni hati za kuzaliwa za pikipiki yako.

Wengine hupeleka kava zao zikapulizwe mchanga au shanga ndogo za kioo kwa upepo wa kompresa. Ni kazi ya haraka na kava hutoka na rangi sawa kote. Lakini punje hizo hujificha katika hesi, katika vijia vya oili, na nyuma ya sili. Siku ukiwasha injini, oili huzikusanya na kuzipeleka kwenye beringi, nazo husaga kama msasa. Hapo ndipo wahenga wanapotucheka, mlango unang'aa na nyumba inateketea. Kama ni lazima upulize, toa sili zote kwanza, ziba matundu, kisha osha kwa maji ya moto na sabuni mara tatu na upulize hewa katika kila tundu.

Je, kava likishang'aa lipakwe vanishi tena? Watu hugombana juu ya hili. Vanishi mpya hulinda, lakini siku itakapochubuka utaanza upya kazi yote. Alumini iliyoachwa wazi hufifia baada ya majuma machache, lakini nta kidogo na kitambaa huirudisha kwa robo saa. Kwa mtu anayeitumia pikipiki yake kila siku, mimi naona heri nta. Kwa ile inayokaa ndani kama pambo, vanishi haina ubaya.

Turudi kwenye skrubu, maana mambo mengi huharibika pale mtu anapodhani kazi imekwisha.

Skrubu za kiwandani ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki hujitoa mhanga ili chuma kisipate kutu, nayo ikiisha kutu huanza. Skrubu zenye kutu ya juu juu na vichwa vizima zinaweza kulazwa usiku mmoja katika siki, zikasuguliwa kwa brashi ya waya, zikaoshwa kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, zikakaushwa na kupakwa oili mara moja. Zitatumika, lakini kumbuka hazina zinki tena, hivyo zitataka oili kila uoshapo pikipiki. Njia hii ya siki ni ya skrubu za kava. Usiitumie kwa bolti ngumu za ekseli na breki, kwa kuwa tindikali huweza kuingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike ghafla. Bolti za namna hiyo zikiharibika, nunua mpya.

Wengi siku hizi hupenda kuweka skrubu za chuma cha pua zenye tundu la pembe sita, zinazofunguliwa kwa alenki. Zina faida kubwa, kwa kuwa kichwa hakikwanguki upesi na kutu nyekundu haizipati. Lakini zina hila yake. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi hufanya kama betri ndogo, na ile dhaifu huliwa. Kati ya chuma cha pua na alumini, dhaifu ni alumini. Ndugu zetu wa Tanga, Mombasa, Unguja na Lamu wanaijua hewa ya bahari inavyofanya. Utaona unga mweupe kuzunguka skrubu, na baada ya miaka michache skrubu inayong'aa kama fedha imegandana na injini. Dawa yake ni kupaka hesi za kila skrubu girisi ya kuzuia kugandana kabla ya kuifunga, ili maji yasipate pa kuingia.

Hila nyingine ya alenki ni kwamba inampa mkono nguvu nyingi. Bisibisi ya nyota huteleza kabla hesi hazijang'oka, lakini alenki haitelezi. Skrubu ya milimita 6 katika alumini haihitaji zaidi ya nyutonimita 10 hivi. Kwa lugha ya nyumbani, ukiwa na spana yenye urefu wa sentimita 20, bonyeza mwisho wake kwa uzito wa kilo 5 tu. Kilo tano ni mfuko mdogo wa unga! Kama una kitabu cha pikipiki yako, fuata kipimo kilichomo. Tena ukizitia girisi hesi, punguza kidogo, maana skrubu laini hukazika zaidi kwa nguvu ileile.

Unapofunga, hakikisha zile pini mbili za kulengea kava zimerudi mahali pake, weka gasketi mpya, na ingiza skrubu zote kwa vidole kabla ya kukaza hata moja. Ikikataa vidole, usiilazimishe, itoe na uitazame. Kisha kaza kwa kuvuka, moja juu na mwenzake chini, kwa zamu mbili au tatu. Wala usimwage gundi ya silikoni kwa wingi. Inayotokeza nje utaifuta, lakini inayotokeza ndani itakatika na kwenda kuziba chujio la oili.

Na kama hesi za kwenye injini zimekwisha kung'oka, usilazimishe skrubu nene zaidi. Ipo koili ya waya wa chuma cha pua inayotiwa baada ya kutoboa na kukata hesi upya, na skrubu ya saizi ileile hurudi. Hesi hizo mara nyingi huwa imara kuliko zile za mwanzo. Mtafute fundi mwenye vifaa hivyo.

Ndugu msikilizaji, utaniuliza, taabu yote hii ya nini kwa pikipiki kuukuu? Nakujibu hivi. Kava na skrubu ndizo zinazompa ruhusa fundi wa kesho. Klachi itachakaa, sili zitachoka, na siku moja mtu atahitaji kufungua. Kama wewe ulifunga kwa uaminifu, yeye atafungua kwa dakika kumi. Kama ulifunga kwa kulazimisha, atakuja na tindo.

Lile sikio nililolivunja lilichomelewa na fundi mmoja hodari wa alumini, nikalisawazisha kwa tupa na kutoboa tundu upya. Halivuji. Kovu bado linaonekana ukiinama, na sikulifuta kwa msasa ingawa ningeweza. Kila ninaposhika bisibisi hulitazama kwanza, kisha naenda kuchemsha maji.

Kwa leo ni hayo. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo.